Kipuli cha Mashine ya Ami

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, toa mashine ya boti nje, iegemeze ukutani penye kivuli, uanze kuifungua kabureta mbele ya baraza. Usimwite mtu. Watakuja wenyewe. Atakuja mvuvi aliyepandisha dau mapema, atakuja kijana wa bodaboda asiye na abiria, atakuja fundi redio, atakuja na mtoto aliyetumwa sukari, na kila mmoja atakuwa ameshaujua ugonjwa kabla hujamaliza kuitikia salamu yake. Mvuvi atasema plagi. Wa bodaboda atasema petroli ya siku hizi si petroli. Fundi redio atasema moto haufiki. Mtoto wa sukari hatasema neno, ila atakapoondoka utahesabu nati na kukuta imepungua moja.

Mimi nakaa Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, mkabala na Tumbatu. Hapa kila mtu ana haki ya kusema juu ya chombo cha baharini, hata yule anayetapika akivuka. Na mashine niliyoitoa nje haikuwa ya kupita kimya kimya. Ni Seagull, mashine ya Kiingereza ya miaka ya sitini, aliyoiacha Ami yangu ikining'inia stoo alipohamia Maskati. Vijana wa baraza hawajapata kuiona ya namna ile. Haina kifuniko: mtungi wake, plagi yake na mabomba yake yote yako wazi, kila kitu unakiona. Tangi lake ni la shaba. Chini ya tangi ndipo ilipo kabureta, kitu kidogo cha kuingia kiganjani, nacho ndicho kilichotaka kuniozesha mke.

Maalim alifika wa kwanza, akaketi karibu zaidi. Maalim alitufundisha fizikia nusu ya watu wa mtaa ule, kisha akastaafu, ila kustaafu kwenyewe hakukufika mdomoni. Alitueleza historia nzima. Kampuni ya Seagull ilianzia Wolverhampton mwaka 1931, baadaye ikahamia Poole, pwani ya kusini ya Uingereza, na kufika 1996 utengenezaji wa mashine mpya ukasita. Kisha akaenda nyuma zaidi, mpaka kwa Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto, mwezi wa Agosti 1906, huko Wisconsin, Evinrude alikuwa matembezini na mchumba wake kwenye kisiwa cha ziwani. Mchumba akatamani aiskrimu. Evinrude akapiga makasia kwenda kuifuata, na aliporudi nayo ilikuwa imeyeyuka. Akaapa kutafuta njia nyingine isiyokuwa ya makasia, na mwaka 1909 mashine zake zikaanza kuuzwa.

Muuza kahawa alikuwa amesimama na dele lake mkononi, kasahau kumimina.

"Kwa hiyo Maalim, haya mashaka yote yanayotupata baharini, petroli, plagi, kuvuta kamba, ni kwa ajili ya aiskrimu ya mchumba wa mtu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na alimwoa?"

"Alimwoa."

"Si haba," akasema muuza kahawa, akamimina.

Ugonjwa wa mashine ulikuwa mmoja tu na ulionekana kwa macho. Ukifungua koki ya tangi, petroli haikukaa ndani ya kabureta. Ilijaa, ikamwagika, ikatiririka ukutani mpaka chini. Kabureta ina bakuli dogo la kuwekea mafuta. Ndani ya bakuli huelea boya la shaba, tupu ndani, limeshikana na sindano. Mafuta yakipanda, boya hupanda, na sindano huziba tundu yanapoingilia. Mafuta yakishuka, boya hushuka, tundu hufunguka. Hapo hapana umeme wala kompyuta, ni kuelea tu. Yaliyobaki hufanywa na hewa. Inapopita kwenye koo jembamba la kabureta huenda mbio, kanieneo yake hupungua, na petroli hunyonywa kutoka kwenye bakuli kupitia jeti, ikatoka imekuwa ukungu, tayari kuungua. Jambo hili la kwenda mbio na kupungua kanieneo, alisema Maalim, aliliandika Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738.

"Mwaka huo boti zilikuwa na mashine?" akauliza kijana wa bodaboda.

"Hazikuwa."

"Sasa huyo Bernoulli alikuwa anatengeneza nini?"

Maalim akamtazama kwa namna ambayo sisi tuliosoma kwake tunaijua. Kijana akanyamaza, ingawa mimi naona swali lilikuwa zuri.

Aliyefanya kazi ni Fundi. Huyu ni mzee wa maneno machache, na nadhani ndiyo sababu hana wateja wengi. Alipolivua bakuli, chini palikuwa na utomvu wa kahawia uliogandamana, petroli ya zamani za Ami iliyokauka humo miaka yote hiyo, na harufu iliyotoka ilimfanya mtoto wa sukari akumbuke alikotumwa. Fundi hakusema lolote. Akalichukua boya kwa vidole viwili, akalipeleka sikioni, akalitikisa. Akanipa na mimi. Ndani mlisikika petroli ikicheza, chwa, chwa.

"Limelewa," akasema Fundi. "Boya lenye mafuta tumboni halielei. Lisipoelea, sindano haizibi."

Mvuvi akasema yeye bado anasema plagi.

Tundu la boya lenyewe halikuonekana. Fundi akaomba maji ya moto. Bi Mkubwa, mama yangu, akaleta birika lililokuwa jikoni, lenye maji yaliyokwisha kutiwa mdalasini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia maji ni ya nini. Fundi akayamimina kwenye bakuli la bati, akalizamisha boya na kulishikilia chini kwa kijiti. Kwa muda kidogo hapakuwa na kitu. Kisha kutoka kwenye mshono wa chini kikatoka kipovu kimoja, chembamba mno, kikapanda. Kikafuata cha pili. Vikaanza kufuatana bila kukatika, kutoka mahali pasipoingia hata ncha ya sindano ya kushonea. Joto huitanua hewa na kuigeuza petroli iliyomo kuwa mvuke, navyo hutafuta pa kutokea. Baraza zima liliinamia bakuli lile. Hata mvuvi wa plagi aliinama, ingawa alisema anatazama mdalasini.

Fundi alilirudisha boya kwenye maji mapya mpaka lilipoacha kabisa kutoa vipovu, akalitikisa, kimya. Hakukubali kulisogeza karibu na moto kabla ya hapo. Mvuke wa petroli uliofungiwa ndani ya shaba ukipelekewa moto, alisema, tutakuja kuokota vipande Tumbatu. Alisema pia kwamba kuliziba hataliziba yeye. Lehemu yake ni ya masufuria. Tone zito likikaa kwenye boya, boya litazama zaidi ya inavyotakiwa, mafuta yatapanda kupita kiasi, na tutakuwa tumerudi palepale. "Lipeleke mjini," akasema, "kwa sonara."

Nikapanda gari ya mjini na boya mfukoni. Sonara akalitazama kwa lenzi yake, akaligeuza, akanitazama mimi.

"Hiki kipuli ni cha nani?"

Nikamweleza. Hakucheka, watu wa dhahabu hawana haraka ya kucheka. Akalipima kwenye mizani yake, akalisafisha mshono, akawasha kibomba chake cha moto, akadondosha tone la risasi ambalo mimi sikuliona likidondoka. Akalisugua, akalipima tena, akasugua tena, mpaka uzito ukamridhisha. Halafu, kwa mazoea ya kazi yake, akalitia katika kiboksi chekundu cha mahameli, akakifunga na kunipa.

Nilirudi na kiboksi mkononi. Mfukoni kisingeingia, na kwenye mfuko wa plastiki nisingekitia kwa kuwa mifuko ile ilishapigwa marufuku Zanzibar zamani. Gari ya shamba ina watu, na watu wana macho. Nilipoteremka Mkokotoni habari ilikuwa imeshateremka kabla yangu.

Bi Mkubwa alikuwa mlangoni.

"Nani?"

"Nani nini, mama?"

"Usinifiche mwanangu. Umeonekana ukitoka kwa sonara. Mimi ni mama yako, niseme nimesikia kwa watu?"

Nikakifungua kiboksi. Akakitazama kilichomo kwa muda mrefu, akakitoa, akakitikisa sikioni vilevile alivyomwona Fundi akifanya.

"Na sikio la kipuli hiki liko wapi?"

"Barazani, mama. Limeegemezwa ukutani."

Akanirudishia, akaingia ndani, na jioni ile sikupata maziwa kwenye chai.

Lakini kukanusha habari ni kazi ngumu kuliko kuziba boya. Kesho yake kutoka nyumba ya tatu, yenye binti aliyemaliza chuo, ikaja sahani ya mkate wa kumimina, umefunikwa kitambaa kilichotariziwa. Haijapata kutokea. Nikaula, kwa kuwa mkate hauna kosa. Sahani kwetu hairudi tupu. Bi Mkubwa akaijaza visheti, akairudisha, ila hakuyatia yale maneno yaliyokuwa yakingojwa. Tangu hapo nikipita mbele ya nyumba ile salamu yangu huitikiwa kwa herufi moja.

Kazi za kabureta zilizobaki zilikuwa ndogo, na ndizo zilizoleta hasara kubwa. Kusafisha shaba kulikwenda vizuri kuliko vyote, kwa sababu kulifanywa na Bi Mkubwa, ambaye hasira zake hazidumu mbele ya kitu kichafu. Alivilaza vipande vyote ndani ya ukwaju, akavisugua kwa majivu, vikatoka vinang'aa. Tangi aliling'arisha mpaka likafaa kuwekwa sebuleni, na alijaribu kuliweka.

Jeti ilikuwa imeziba. Fundi alikataa waya, maana shaba ni laini, waya hulipanua tundu, na tundu likipanuka hata kwa kiasi kisichoonekana mashine hunywa mafuta isivyotakiwa. Alichomoa ujiti kwenye fagio la chelewa, akauchonga kwa wembe, akaanza kuzibua taratibu. Maalim akamwomba amsaidie kidogo. Ukakatikia ndani. Fundi akavuta pumzi, akachomoa ujiti mwingine, akausukuma ule wa Maalim kutoka upande wa pili, na kwa muda wa robo saa Maalim hakumtaja Bernoulli.

Kisha gasketi. Ile ya kati ya kabureta na mtungi ilikuwa imeshakuwa unga, na mpya ya mashine hiyo huipati Darajani hata ukatoe sadaka kwanza. Fundi akataka karatasi ngumu. Dirishani kulikuwa na kadi, akaichukua, akailaza juu ya uso wa chuma, akaigonga pembeni taratibu kwa nyundo ndogo, na karatasi ikajikata yenyewe kwa kufuata ukingo wa chuma. Gasketi nzuri kabisa, yenye maua ya dhahabu. Ilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi ya mtoto wa shangazi. Kilichobaki cha kadi kikarudishwa dirishani, na hakuna aliyegundua kwamba sifuri ya "saa 10 jioni" imekwenda na gasketi. Bi Mkubwa akavaa, akajifukiza udi, akafika harusini saa 1 usiku. Akawakuta wanakosha masufuria ya biriani.

Wakati wote huo Ami alikuwa akituma sauti kwa WhatsApp kutoka Maskati. Kila sauti ilikuwa na salamu za watu wote kwa majina, kisha amri moja ileile: lita moja ya oili kwa lita kumi za petroli, na nisimsikilize mtu. Baraza lilisikia, na baraza halikukubali. Mashine za leo za namna hiyo hutiwa moja kwa hamsini. Kijana wa bodaboda alisema moja kwa kumi si mafuta, ni kukaanga. Lakini Seagull za zamani zilitengenezwa kwa kipimo hicho, jeti na sindano zake zimepimwa kwa mafuta mazito hivyo, na ukipunguza oili unazinyima vyuma vyake. Nikatia kipimo cha Ami. Niliijaribu ndani ya pipa la maji uani, mashine ikiwa imefungwa kwenye ubao, na majirani wote wakiwa wamealikwa na masikio yao.

Kuwasha Seagull ni jambo la kamba. Hakuna kamba iliyofungiwa ndani inayojirudisha yenyewe. Unachukua kamba yenye fundo, fundo unalikwamisha kwenye pengo la gurudumu la juu, unazungusha, unavuta kwa nguvu zako zote. Kamba inachomoka yote, inapita hewani, na kumchapa yeyote aliyesimama nyuma yako. Nilitangaza. Nilisema, jamani, nyuma yangu pasiwe na mtu. Wote wakasogea isipokuwa Maalim, aliyetaka kuona mkao wa mvutaji.

Kamba ilimpata mgongoni na kutoa mlio ambao nusu ya waliohudhuria waliutambua, kwa kuwa walishausikia darasani, mikononi mwa Maalim huyohuyo. Wanafunzi wake wa zamani tulitazama chini kwa adabu. Mmoja alikwenda kutazamia nyuma ya nyumba, na alikaa huko sana.

Mvuto uliofuata mashine ikawaka. Sitaki kuusifu moshi ule kupita kiasi, lakini muadhini alitoka nje kutazama kunaungua wapi. Propela iliyatoa maji ya pipa yote kwa muda mfupi, nusu yakaenda kwa fundi redio. Nguo zilizoanikwa nyumba ya tatu, ya mkate wa kumimina, zilirudi bombani. Lakini chini ya kabureta palikuwa pakavu. Hapakudondoka tone. Fundi akapitisha kidole chake pale, akakinusa, akatikisa kichwa mara moja, akadai ujira wake.

Tuliipeleka pwani jioni, maji yakijaa, tukaifunga kwenye tezi ya dau. Na hapa inafaa nieleze kwamba Seagull ya namna ya Ami haina gia wala klachi. Ikiwaka, propela inazunguka. Propela ikizunguka, chombo kinakwenda. Fundi alilisema hilo. Mimi nililisema. Ami alituma sauti kulisema. Maalim akapanda kwenye dau, akaketi tezini, akasema kuna mlio fulani hakuupenda uani, na angependa kuusikiliza kwa karibu kabla hatujaondoka. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama majini kashika dau kwa mikono miwili. Maalim akazungusha kamba, akageuka kuhakikisha nyuma yake hakuna mtu, maana alikuwa amejifunza, akavuta.

Ikawaka mara moja. Kijana akabaki ameshika maji.

"Funga koki, Maalim!" tukapiga kelele sote, mafundi wa plagi, wa moto na wa petroli, kwa mara ya kwanza tukiwa na rai moja. Na Maalim akasikia, tukamwona kabisa akiinama na kuifunga. Lakini ukifunga koki unazuia mafuta ya tangi tu. Bakuli la kabureta bado limejaa, na mashine itakwenda mpaka bakuli likauke. Huchukua muda. Maalim akangoja, akaona haizimi, akaamua koki imefungwa kinyume, akaifungua tena. Akaja mpaka karibu nasi, mkono mmoja kwenye kana, akageuza dau, akaenda. Akafunga. Akangoja. Karibu kabisa na kuzima, tukasikia mlio ukipungua, akafungua tena.

Alipopita mara nyingine alikuwa ameshatulia. Alituinamia kidogo katikati ya moshi na kupaza sauti:

"Mchanganyiko mzito! Mwambieni Fundi aishushe sindano!"

Fundi alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anahesabu pesa zake. Wavuvi wa Tumbatu waliokuwa wakirudi na ngalawa walitua tanga kumpisha, na mmoja wao akatuuliza Maalim anakwenda wapi saa hizi.

"Haendi popote," akajibu Fundi. "Anasikiliza mlio."